Uzamiaji Mallorca: Biashara Inayotegemea Samaki Wasiovuliwa

Biashara ya uzamiaji katika kisiwa cha Mallorca, kilicho kikubwa kuliko vyote katika visiwa vya Balearic vya Uhispania, inategemea bidhaa ambayo wafanyabiashara wenyewe hawaizalishi, nayo ni samaki walioachwa baharini. Mtalii anayezama na mtungi wa hewa mgongoni hulipia nafasi ya kumwona chewa mkubwa akiwa hai, na chewa huyo yupo kwa sababu sheria imemkataza mvuvi kumgusa. Kwa hiyo suala la msingi katika uchumi wa sekta hii ni nani anayebeba gharama ya katazo hilo na nani anayevuna faida yake.

Hifadhi ya bahari ni eneo la maji lililowekewa mipaka na masharti ya matumizi kwa mujibu wa sheria. Balearic ilianza utaratibu huo mwaka 1982 katika Ghuba ya Palma, ikaongeza kaskazini mwa Menorca na mlango wa bahari ulio kati ya Ibiza na Formentera mwaka 1999, kisha kwa upande wa Mallorca zikafuata Migjorn mwaka 2002, El Toro na Malgrats mwaka 2004 na Llevant mwaka 2007. Kusini mwa kisiwa iko Hifadhi ya Taifa ya Cabrera, iliyoanzishwa mwaka 1991 na kupanuliwa mwaka 2019 hadi kuzidi hekta 90,000. Masharti hayalingani: katika hifadhi kubwa kama Migjorn na Llevant wavuvi wadogo wanaendelea na kazi yao kwa vizuizi vya zana, majira na maeneo, ilhali El Toro na Malgrats, visiwa vidogo vilivyo karibu na pwani ya Calvià, vimefungwa kwa uvuvi wa kila aina.

Tofauti hiyo ina uzito kibiashara kwa sababu ya maumbile ya samaki wenyewe. Chewa wa Mediterania hukua polepole, huanza maisha akiwa jike na hugeuka dume baada ya miaka mingi, hivyo kuwavua wakubwa pekee huondoa madume na kudhoofisha uzazi wa kundi zima. Hifadhi iliyofungwa leo haileti wateja kesho. Hulipa baada ya miaka kadhaa ya ulinzi usiokatizwa. El Toro, ambayo sasa inajulikana kwa makundi ya mizia na chewa wasioogopa watu, ni tunda la subira ya aina hiyo.

Vituo vya uzamiaji vyenyewe kwa kawaida ni biashara ndogo zenye gharama kubwa za kudumu. Kinachohitajika ni boti na mafuta yake, kompresa ya kujazia mitungi hewa kwa shinikizo la bar 200 hivi, suti za mpira, wakufunzi wenye vyeti, bima, pamoja na kibali cha serikali ya visiwa kwa yeyote anayepeleka wageni ndani ya hifadhi. Mapato hutokana na mafunzo, ukodishaji wa vifaa na safari za kuongozwa, lakini karibu yote hupatikana kati ya Mei na Oktoba, kwani maji yanayofikia nyuzi 26 za Selsiasi wakati wa kiangazi hushuka hadi 14 hivi majira ya baridi, na watalii wengi huwa wamekwisha kurudi kwao.

Kwa upande wa gharama za hifadhi, doria, maboya na ufuatiliaji wa kisayansi hulipiwa zaidi na fedha za umma, huku wavuvi wakipoteza sehemu ya maeneo yao. Wavuvi hufidiwa kwa kiasi fulani na kile wanasayansi wanachokiita mfuriko, yaani samaki wakiongezeka ndani ya hifadhi, baadhi yao huvuka mpaka na kuvuliwa nje. Tathmini ya wakfu wa Marilles kuhusu Llevant ilikadiria kwamba kila euro 1 inayowekezwa katika hifadhi hiyo huzalisha manufaa ya takribani euro 10. Hata hivyo manufaa hayo hutawanyika katika hoteli, mikahawa, vituo vya uzamiaji na wavuvi, na hakuna hata mmoja kati yao anayeona sababu ya kulipia ulinzi peke yake.

Mtaji huu wa viumbe vya baharini pia unaweza kuliwa na wateja wenyewe. Katika visiwa vya Medes, Katalonia, ambako uvuvi ulipigwa marufuku mwaka 1983, watafiti walibaini kwamba mapezi ya wazamiaji huvunja viumbe dhaifu vinavyoota juu ya miamba, na huko idadi ya wazamiaji imewekewa kikomo na kila mmoja hulipa ada. Balearic nayo ilitoa amri mwaka 2018 ya kulinda nyasi za baharini aina ya posidonia, ambazo ni makazi na malisho ya viumbe wengi, kwa kukataza nanga kutupwa juu yake. Lakini zipo hasara ambazo hakuna doria inayoweza kuzizuia: tangu mwaka 2016 kimelea kimeangamiza takribani chaza wote wakubwa wa jamii ya Pinna nobilis katika maji ya Uhispania, na mawimbi ya joto la bahari yanazidi kuwa ya kawaida.

Kwa sababu hiyo, ada ya wazi kwa kila mzamiaji, inayorudishwa moja kwa moja katika doria na ufuatiliaji, isihesabiwe kuwa kodi nyingine juu ya utalii, bali gharama ya malighafi ambayo sekta hii imekuwa ikiipata karibu bure. Kituo kinachotaka kuendelea kuuza safari za El Toro miaka 20 ijayo kina maslahi ya kuidai ada hiyo kabla serikali haijaitoza.