Vijana wa Lubumbashi waua majoka ya Ulaya, Kalala Ilunga bado anasubiri mchezo wake

LUBUMBASHI. Anayecheza Skyrim katika jiji hili hujifunza mapema kuhifadhi mchezo kila baada ya dakika chache. Joka linaweza kuwa limebakiza pumzi ya mwisho, upanga uko juu, mara umeme unakatika na skrini inakuwa nyeusi. Ukirudi, joka limepona na mchezaji yuko tena chini ya mlima, akianza kupanda upya.

Hata hivyo wanapanda. Skyrim, ambao jina lake kamili ni The Elder Scrolls V: Skyrim, ulitolewa Novemba 11, 2011 na studio ya Bethesda ya Maryland, Marekani. Mwaka 2023 mkurugenzi wake, Todd Howard, alisema nakala zilizouzwa zimepita milioni 60. Zaidi ya miaka kumi tangu utoke, bado unahama kutoka kompyuta moja hadi nyingine, mara nyingi ndani ya diski inayoazimwa mkono kwa mkono, kwa sababu kupakua faili kubwa kwa bando la simu ni gharama isiyobebeka.

Mchezo wa aina hii unaitwa wa ulimwengu wazi. Mchezaji hapangiwi njia moja ya kufuata. Anakabidhiwa nchi nzima yenye milima, miji, mapango na watu wenye shida zao, kisha anaachwa aamue aanzie wapi. Anaweza kuwa mhunzi, mwizi, mganga au mpiga upinde. Vita kuu dhidi ya joka Alduin inaweza kusubiri wiki nzima huku yeye akichuma maua ya dawa au akijenga nyumba.

Uhuru huo una bei yake, nayo ni muda. Mchezo kama huu unaweza kula saa mia moja na usiishe. Ndiyo maana hauonekani sana katika vyumba vya michezo vya mitaani, ambako mteja hulipia mechi au dakika. Huko mpira ndio unaotawala: mechi inaanza, inaisha, anayefungwa anampisha mwenzake. Mchezo wa ulimwengu wazi unataka mtu mwenye kompyuta yake, kiti chake na umeme wake. Kwa hiyo huchezwa nyumbani, usiku, na ndugu wawili watatu wakiwa nyuma ya kiti wakitoa ushauri ambao hawakuombwa.

Umeme wa mbali, madini ya nyumbani

Shida ya umeme mjini hapa ina historia ndefu. Laini ya umeme kutoka bwawa la Inga, karibu na mdomo wa Mto Kongo, hadi Kolwezi ilikamilika mwaka 1982. Ina urefu wa takriban kilomita 1,700, na ilijengwa ili kulisha migodi ya shaba na kobalti ya Katanga. Inapita juu ya vijiji ambavyo usiku vinaendelea kuwasha mishumaa. Hadi leo ni takriban Mkongomani mmoja kati ya watano anayepata umeme, na wanaoupata, wakiwemo wakazi wa Lubumbashi, wamezoea kuishi kwa zamu.

Madini hayo hayo ndiyo yanayorudi katika umbo la mashine. Shaba hupitisha umeme ndani ya kompyuta. Kobalti hutumika katika betri za simu, kompyuta za mkononi na pedi zisizo na waya. Zaidi ya theluthi mbili ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo, na karibu yote hutoka katika majimbo mawili jirani, Haut-Katanga na Lualaba. Kijana wa Ruashi anayeshika pedi huenda ameshika kipande cha ardhi ya nyumbani kwao, kilichozunguka dunia na kurudi kikiwa na bei ambayo baba yake hawezi kuilipa kwa mshahara wa mwezi.

Lakini ndani ya mashine hiyo, nchi ya huyo kijana haimo.

Kila taifa na joka lake

Skyrim ni nchi ya theluji. Watu wake, mavazi yao na makaburi ya wafalme wao vimechotwa kwa sehemu kubwa katika masimulizi ya kale ya kaskazini mwa Ulaya. Hilo si kosa. Watunzi walichota walikokujua, na wengine wamefanya vivyo hivyo kwao.

Poland ni mfano mzuri. Studio ya CD Projekt Red ilichukua vitabu vya mwandishi wa huko, Andrzej Sapkowski, pamoja na imani za kale za vijijini kwao, ikatengeneza The Witcher. Mwaka 2011, Rais Barack Obama wa Marekani alipoitembelea Poland, waziri mkuu Donald Tusk alimpa nakala ya sehemu ya pili ya mchezo huo kama zawadi ya taifa. Sehemu ya tatu, ya mwaka 2015, ni kati ya michezo ya ulimwengu wazi inayosifiwa zaidi duniani. Agosti 2024 ikawa zamu ya China: Black Myth: Wukong, uliojengwa juu ya hadithi ya kale ya mfalme wa nyani, uliuza nakala milioni 10 kwa siku tatu.

Swali linalobaki Lubumbashi ni rahisi kuuliza. Je, Katanga haina hadithi ya kujaza ulimwengu kama huo?

Inazo, na moja yake inafaa kana kwamba imeandikwa kwa kazi hiyo. Masimulizi ya Waluba yanamtaja Nkongolo Mwamba, mfalme mkatili aliyehusishwa na upinde wa mvua. Kutoka mashariki akaja mwindaji wa ukoo wa kifalme, Mbidi Kiluwe, mtu wa adabu na siri, akaoa dada za Nkongolo. Akazaliwa Kalala Ilunga. Kijana alipokua akawa hodari kuliko wote, hata mjomba wake akashindwa naye katika mchezo wa mpira.

Nkongolo akapanga kumuua. Akachimba shimo, akapanga mikuki chini yake, akalifunika kwa mkeka, kisha akamwalika mpwa wake aje kucheza ngoma juu ya mkeka huo. Mpiga ngoma akamwonya kijana kwa lugha ya ngoma. Kalala akachoma mkeka kwa mkuki wake, akaliona shimo, akaruka na kukimbia hadi akavuka mto Lualaba kwenda kwa baba yake. Alirudi na jeshi. Nkongolo alikamatwa na kukatwa kichwa, na ukoo wa Kalala ukashika ufalme.

Mwenye kucheza michezo hii atatambua kila kipande: mtego, msaidizi mwenye siri, mto wa kuvuka, mkoba wa mikuki, safari ya kutafuta jeshi, na adui anayesubiri mwishoni.

Hata sarafu ipo tayari. Katika makaburi ya kale ya Sanga, kando ya ziwa Kisale katika bonde la Upemba, wanaakiolojia walifukua misalaba ya shaba iliyozikwa pamoja na wafu. Baada ya karne kadhaa misalaba hiyo, ikiwa midogo zaidi, ilitumika kama fedha katika eneo pana la Afrika ya kati. Mitatu ilichorwa katika bendera ya Katanga mwaka 1960. Leo inaonekana katika makumbusho, kuanzia Lubumbashi hadi Tervuren nchini Ubelgiji.

Ramani pia ipo. Watunza kumbukumbu wa Waluba, wa chama cha Mbudye, walitumia lukasa, kibao cha mbao kinachoenea mkononi, kilichopambwa kwa shanga na makombe. Kwa kupitisha kidole juu ya shanga, mjuzi alisimulia safari za wafalme, mahali patakatifu na mpangilio wa ikulu. Kila shanga ilifungua sehemu ya hadithi, na msimulizi ndiye aliyechagua aanzie wapi. Ni vigumu kupata chombo cha kale kinachokaribia zaidi ramani ya mchezo wa ulimwengu wazi.

Tena Waluba si peke yao. Mji wenyewe umesimama katika ardhi ya Walamba. Walunda wana masimulizi yao. Kaskazini magharibi mwa jiji kuna Bunkeya, makao makuu ya Msiri, mfanyabiashara kutoka Unyamwezi, katika Tanzania ya leo, aliyejenga ufalme wa Garenganze kwa shaba, pembe na bunduki hadi alipouawa na msafara wa wakoloni Desemba 20, 1891. Ulimwengu wazi una nafasi ya wote hao, na mchezaji angeamua aingie kupitia lango lipi.

Waliojaribu

Wapo Waafrika waliokwishathubutu. Yaoundé, mji mkuu wa Kamerun, studio ya Kiro'o Games inayoongozwa na Olivier Madiba ilitoa Aurion mwezi Aprili 2016. Shujaa wake, Enzo Kori-Odan, ni mwana wa mfalme anayepinduliwa na shemeji yake siku ya kutawazwa, naye hupata nguvu kutoka kwa mababu zake. Fedha za kumalizia zilitoka kwa umma: mwaka 2015 kampeni ya mtandaoni ilichangisha zaidi ya yuro 40,000. Ulimwengu wake si mpana kama Skyrim, lakini ulifika sokoni duniani kutoka mji ambao nao unajua umeme wa kukatika.

Wa pili una uzito wa pekee kwa wanaozungumza Kiswahili. Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, alifiwa na baba yake, na kutokana na msiba huo akatunga Tales of Kenzera: Zau, uliotolewa Aprili 2024. Kijana Zau anafanya mapatano na Kalunga, mungu wa kifo, ili amrudishie baba yake. Mchezo huo unaweza kusikilizwa kwa Kiswahili. Na jina Kalunga linajulikana kwa Wabantu wengi, Waluba wakiwemo, kwa maana inayogusa kifo na ng'ambo ya wafu.

Lakini sifa hazikuilinda studio. Miezi michache baadaye ilitangaza kuwa wafanyakazi wa kitengo cha michezo wako hatarini kupoteza kazi, na kabla ya mwaka kuisha kitengo hicho kikasimamishwa kwa kukosa fedha za mradi mwingine. Hilo ni onyo kwa anayedhani hadithi nzuri inatosha.

Mlango mdogo

Skyrim ulijengwa na watu wapatao 100 kwa miaka kadhaa. Hakuna studio ya Lubumbashi inayoweza kuanza na gharama hiyo, na kumwambia kijana aanzie hapo ni kumvunja moyo.

Kuna mlango mdogo zaidi. Februari 2012, Bethesda iliwapa wachezaji wa kompyuta, bila malipo, programu inayowawezesha kuongeza miji, wahusika na mikasa yao wenyewe ndani ya Skyrim. Nick Pearce, mwanasheria wa Australia, aliitumia kwa muda wake wa ziada kutunga kisa cha mji uliosahaulika. Mwaka 2016 kisa hicho kilishinda tuzo ya chama cha waandishi wa maigizo wa nchi yake. Mwaka 2021 kikatoka kama mchezo kamili unaojitegemea, The Forgotten City. Alianza akiwa mtu mmoja na kompyuta moja.

Kijiji kimoja kando ya Lualaba, mpiga ngoma mmoja na shimo moja chini ya mkeka ni kazi ya ukubwa huo. Injini za bure kama Godot zipo kwa atakayetaka kujenga nje ya Skyrim kabisa.

Jiji halikosi wachoraji. Ni hapa ambapo Tshibumba Kanda Matulu, katika miaka ya 1970, alichora historia nzima ya nchi katika mfululizo wa picha zipatazo mia moja, akianzia enzi za wafalme. Tangu 2008 jiji lina biennale yake ya sanaa. Linacho chuo kikuu, na lina wazee wanaokumbuka, ingawa kila mwaka wanapungua.

Kikwazo kigumu kuliko fedha huenda kikawa makubaliano. Kisa cha Kalala Ilunga kina matoleo mengi, na koo zinazojiona ndani yake bado zipo. Majina mengine ni matakatifu kwao. Kijana akikosea, hatahukumiwa na wachezaji wa mtandaoni pekee. Atakuwa na kesi na mjomba wake kwenye matanga. Kwa hiyo kazi ya kwanza haihitaji umeme hata kidogo: ni kukaa na wazee, kuuliza, kuandika, na kuomba ruhusa.

Hadi hapo, jioni ikifika, kompyuta zinawashwa Katuba na Kenya kwa haraka ya watu wasiojua umeme utakaa hadi saa ngapi. Theluji inaanguka kwenye skrini, katika jiji ambalo halijapata kuiona. Mchezaji anatazama joka likishuka, anashika upinde, na kabla ya kurusha mshale wa kwanza anahifadhi mchezo.