Ujiji asubuhi, ziwani mchana

Mgeni anayeingia kwa mara ya kwanza kwenye kumbukumbu ya Dk. Livingstone pale Ujiji huangaza macho huku na huko akitafuta ziwa. Shuleni alifundishwa kwamba Henry Morton Stanley alimkuta mmisionari huyo ufukweni mwa Tanganyika, mbele ya umati, bendera ikipepea. Anachokiona hapa ni miembe, jengo la makumbusho, jiwe la ukumbusho na nyumba za watu kwa nje. Maji hayapo. Akitaka kuyafikia, inabidi ashuke kwa miguu hadi chini kwenye mitumbwi.

Anayeshangaa hajapotea njia. Ziwa ndilo lililohama. Wakati wa Livingstone, mto Lukuga ulioko upande wa Kongo, ambao ndio njia pekee ya maji kutoka Tanganyika, ulikuwa umezibwa na tope na majani, na maji yalikuwa yakizidi kujaa. Mwishoni mwa miaka ya 1870 kizuizi hicho kilivunjika. Katika miaka kama 15 hivi iliyofuata ziwa lilishuka kwa karibu mita 10. Mahali penye miamba mirefu tofauti hiyo haionekani sana, lakini Ujiji imekaa kwenye mteremko mpole, kwa hiyo pwani yake ikarudi nyuma na kuuacha mji nchi kavu.

Hapo ndipo inapofaa kuanzia siku moja ya matembezi Kigoma, kwa sababu huko mbele karibu kila kitu kinaelezwa na maji.

Ziara za namna hii, magofu asubuhi na kuogelea mchana, ni biashara kubwa katika rasi ya Yucatán nchini Mexico. Wageni huonyeshwa miji ya kale ya Wamaya, kisha hupelekwa kuogelea kwenye mashimo ya asili yaliyojaa maji, ambayo yametokea baada ya mwamba wa chokaa kudidimia. Wengi huyaona kama mambo mawili tofauti, historia halafu starehe. Lakini kaskazini mwa Yucatán mito ya juu ya ardhi ni ya kutafuta kwa tochi, na mashimo hayo ndiyo yaliyowapa Wamaya maji ya kunywa. Penye shimo ndipo palipoota mji, na pale Chichén Itzá shimo moja lilikuwa mahali pa kutolea sadaka. Anayeogelea mchana anaogelea ndani ya sababu ya yale magofu aliyoyaona asubuhi. Kigoma nayo ina siku kama hiyo, ila ni nadra kuelezwa hivyo.

Bajaji au daladala kutoka Kigoma mjini hufika Ujiji kwa muda mfupi. Miji hii miwili leo ni manispaa moja. Ndani ya makumbusho sanamu mbili za ukubwa wa mtu, Livingstone na Stanley, zinasalimiana, kila moja na kofia yake. Nje, jiwe limechongwa ramani ya Afrika yenye msalaba juu yake. Mwembe wa zamani, ule unaosemekana walikutana chini yake, ulishakufa, na iliyopo sasa inaelezwa kuwa ni kizazi chake. Mwongozaji atasimulia swali mashuhuri la Stanley, "Dk. Livingstone, nadhani?", na wageni watacheka kidogo.

Swali hilo lenyewe lina walakini. Ukurasa wa siku ile ulichanwa kutoka kwenye shajara ya Stanley, na wapo wanahistoria wanaoamini kwamba aliyatunga maneno hayo baadaye. Hata tarehe haina uhakika: inayotajwa sana ni 10 Novemba 1871, lakini kwa hesabu ya Livingstone ilikuwa bado Oktoba. Wote wawili walikuwa wameugua njiani na kupoteza hesabu ya siku. Kisichobishaniwa ni hali aliyokuwa nayo Livingstone. Alikuwa amerudi kutoka Nyangwe, ng'ambo ya ziwa, alikoshuhudia mauaji ya watu sokoni Julai mwaka huohuo, na alipofika Ujiji akakuta mali aliyotumiwa kutoka pwani imeuzwa na mtu aliyekabidhiwa kuitunza. Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, alimkuta fukara.

Kisa ni kizuri, ila kimeumeza mji. Kabla ya wazungu hao wawili kusalimiana, Ujiji ilikuwa tayari inajulikana mpaka Unguja. Ilikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyoanzia Bagamoyo na kupitia Tabora, kiasi cha kilomita 1,200 kwa mguu. Richard Burton na John Speke walifika hapa Februari 1858 wakiongozwa katika nyayo za wafanyabiashara wa pwani, na miongoni mwa waliowafikisha alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuwa mtumwa India. Walipoambiwa ziwa ndilo lile, Speke hakuliona vizuri, kwani macho yake yalikuwa mabovu kwa maradhi. Sifa za kuligundua zikaenda kwao hata hivyo.

Sokoni Ujiji shanga zilitumika kama fedha. Chumvi ililetwa kutoka Uvinza, samaki na mawese kutoka kandokando ya ziwa, pembe na watumwa kutoka ng'ambo, Manyema. Mwinyi Kheri, mfanyabiashara kutoka pwani ya Mrima, ndiye aliyekuwa mkubwa wa mji katika miaka ya 1870 na mwanzoni mwa miaka ya 1880, na baada yake akavuma Muhammad bin Khalfan, maarufu kama Rumaliza. Walioletwa kwa nguvu kutoka upande wa pili hawakuondoka wote kwenda pwani. Wengi walibaki, wakasilimu, wakajenga, na kizazi chao ndicho kimeifanya Ujiji kuwa mji wa Kiswahili na misikiti ndani kabisa ya bara, katikati ya nchi ya Waha. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hiyo ya misafara, Ujiji ikiwemo, kwenye orodha ya awali ya UNESCO ya maeneo yanayosubiri kufikiriwa kuwa urithi wa dunia.

Kwa nini misafara iliishia hapa? Kwa sababu hapa ndipo miguu ilipokabidhi mzigo kwa mtumbwi. Ili kuliona hilo inatosha kushuka ufukweni, hatua ambayo wageni wengi huiruka wakikimbilia chakula cha mchana. Chini huko mafundi bado wanaunda mitumbwi na boti za mbao juani. Fundi anapitisha vidole kwenye maungio ya mbao mbili kutafuta upenyo, anasokota pamba, kisha anaishindilia kwa patasi na nyundo, pigo fupi fupi, mpaka pasiingie hata ukucha. Hiyo ndiyo kalafati, na ni maarifa yaleyale yanayotumika Lamu na Pemba kwenye majahazi.

Maji ndiyo pia yaliyoishusha Ujiji. Wajerumani walipoleta reli kutoka Dar es Salaam, waliiacha pwani tambarare ya Ujiji wakachagua ghuba ya Kigoma, yenye kina na kinga ya upepo. Reli, kilomita 1,252, ilifika Februari 1914, na tangu hapo Kigoma ndiyo "mwisho wa reli". Stesheni yao ingali imesimama na inafaa kutazamwa njiani. Bandarini ndiko ilikounganishwa meli ya Graf von Goetzen, iliyoundwa Papenburg, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa ndani ya makasha na kuingia majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha ili isitekwe, Waingereza wakaiibua, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Che Guevara naye alipitia Kigoma mwaka 1965 akivuka kwenda Kongo kupigana. Mji huu umezoea watu wa kuvuka.

Chakula cha mchana kisiwe cha kufikiria sana: mgebuka au dagaa, ugali wa muhogo, mboga za mawese. Anayeona dagaa wamepanda bei akumbuke kwamba samaki hao wamepungua, hata serikali ikalazimika kufunga uvuvi ziwani kwa miezi mitatu mwaka 2024, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15.

Kisha maji. Kusini mwa mji, kupitia njia ya Katonga, kuna ufukwe wa Jakobsen, ambao wenyeji wauita Mwamahunga. Ni mahali pa binafsi pa kulipia kiingilio: vighuba vidogo vya mchanga kati ya miamba na miti, tumbili juu, pundamilia wachache wakizurura. Maji ni safi hivi kwamba mtu aliyesimama yakimfika kifuani anaona kucha za miguu yake. Akivaa miwani ya kuogelea na kuinamisha uso karibu na mawe, anaona zaidi. Samaki wenye milia, wa buluu, wa njano, kila mmoja akilinda kipande chake cha jiwe kwa ugomvi usiolingana na umbo lake. Wengine hutunza mayai na watoto mdomoni. Wengine hujificha ndani ya makombe matupu ya konokono. Jamii hii ya samaki ina aina zipatazo 250 ziwani humu, karibu zote hazipatikani kwingine kokote duniani, na wapo watu Ulaya wanaowanunua kwa bei kubwa kuwafuga kwenye matangi ya vioo.

Ziwa lilipata muda wa kutosha kuwaumba. Linakadiriwa kuwa na umri wa miaka milioni 9 hadi 12, urefu wa kilomita 673 na kina cha mita 1,470, la pili kwa kina duniani baada ya Baikal. Uhai wenyewe umebanwa juu: ukishuka mita mia na kitu, maji hayana oksijeni.

Utamu huo usimsahaulishe mtu tahadhari. Kichocho kipo Kigoma, na konokono wanaokieneza hupenda maji yaliyotulia yenye majani, hasa karibu na makazi; aliyeogelea na baadaye akaona dalili aende kupima, dawa ipo. Mamba na viboko hawaonekani kila mahali, lakini anayejua wapi wameonekana karibuni ni mvuvi au mlinzi wa ufukwe, naye aulizwe kabla ya kuvua nguo. Kati ya Mei na Septemba upepo wa kusini-mashariki huinua mawimbi makali. Tena kina hakichelewi kuanza: hatua chache baada ya mchanga, ardhi inaweza kukatika ghafla.

Gombe, alikofika mtafiti wa sokwe Jane Goodall Julai 1960, iko kaskazini kwa boti kutoka upande wa Kibirizi, na waongozaji wengine hupenda kuibana ndani ya siku hiyohiyo. Wasikubaliwe. Sokwe wanahitaji siku yao.

Kwa wanaoandaa ziara hizi, ombi ni dogo. Baada ya sanamu na mwembe, wampeleke mgeni chini ufukweni Ujiji, wamwonyeshe maji yalipokuwa mwaka 1871, na wamtajie Mwinyi Kheri na Bombay kama wanavyomtajia Stanley. Kutoka kwenye jiwe la ukumbusho hadi kwenye mitumbwi ni mwendo wa dakika chache, na haudai nauli.