Daktari Akija Chepseon, Atakaa?

Wewe unayeishi Nairobi au Nakuru ilhali mzazi wako yuko mashambani, unaijua simu inayolia saa nane za usiku. Mama amezidiwa. Swali la kwanza unalouliza ni kama amepelekwa hospitalini. La pili, ambalo wengi wetu huogopa kuuliza, ni kama huko hospitalini kuna daktari.

Hebu tuchukue mfano wa Chepseon. Ni mji mdogo ulio kando ya barabara kuu ya kutoka Nakuru kwenda Kericho, katika eneo la Kipkelion Mashariki. Wenyeji hutegemea majani chai, mahindi na ng'ombe wa maziwa. Huku si jangwani: lami ipo na matatu zinapita. Hata hivyo, ugonjwa ukishinda dawa za zahanati, mgonjwa hana budi kutiwa garini na kukimbizwa Londiani au Kericho. Na barabara hiyo yenyewe ina mambo yake. Jioni ya Juni 30, 2023, lori lilipoteza mwelekeo katika makutano ya Londiani na kuua watu zaidi ya 50. Siku kama hiyo ndipo mtu hukumbuka kuhesabu madaktari walio karibu.

Sisemi haya ili kuwadharau wauguzi na matabibu. La hasha! Bila wao, vituo vingi vya afya mashambani vingekuwa vimefungwa zamani. Lakini kuna daktari wa aina moja ambaye mahali kama Chepseon panamhitaji kuliko bingwa mwingine yeyote, naye ni daktari wa familia.

Ukisikia jina hilo, usidhani ni yule daktari wa sinema anayefika kwa tajiri na mkoba mweusi. Huyu ni bingwa aliyerudi chuoni baada ya shahada yake ya kwanza, akajifunza kumtibu mtoto mwenye nimonia asubuhi, kumpasua mama aliyeshindwa kujifungua adhuhuri, na jioni kuketi na mzee mwenye kisukari na shinikizo la damu wakipanga atakavyokula. Hachagui kiungo wala umri. Zaidi ya hayo, anaijua historia ya mgonjwa wake na ya nyumba anayotoka.

Ni kwa nini hilo ni muhimu? Madaktari wa hospitali ya Tenwek, katika kaunti jirani ya Bomet, wamekuwa wakiandika kwa miaka mingi kuhusu wagonjwa wengi wa saratani ya umio, yaani ule mrija unaopitisha chakula kutoka kooni. Wengine ni vijana ambao hata miaka 30 hawajafika. Mgonjwa huanza kwa kulalamika kwamba ugali unamkwama. Ananunua dawa ya kiungulia dukani. Baadaye anaacha ugali, anakunywa uji. Wengi hufika hospitalini wakati hata uji umekataa kupita, na hapo huwa hakuna mengi ya kufanya ila kuwekewa kijibomba ili waweze kumeza. Daktari anayemwona mtu huyo huyo mwaka nenda mwaka rudi ana nafasi ya kushtuka angali anakula ugali.

Kenya ilianza kuwasomesha mabingwa hao katika Chuo Kikuu cha Moi mwaka wa 2005. Jambo la busara ni kwamba wanafunzi hawakufungiwa Eldoret. Walipelekwa kufanya kazi na kujifunza katika hospitali za mashambani kama vile Webuye na hiyo hiyo Tenwek.

Tenwek yenyewe ina mengi ya kutufunza kuhusu daktari kukaa. Wamishonari waliianzisha miaka ya 1930, na daktari wake wa kwanza wa kudumu, Mmarekani Ernest Steury, alifika mwaka wa 1959. Kwa miaka mingi alikuwa peke yake, akipasua, akizalisha na kutibu. Tunamsifu, lakini hatuwezi kuendesha huduma za afya za nchi kwa kungojea watu wenye moyo wa aina hiyo. Hospitali hiyo ilikua pale ilipogeuka shule: daktari kijana akawa na wa kumfundisha na wa kumpokea zamu.

Wengi husema tatizo ni pesa. Tusidanganyane, pesa ni tatizo. Mgomo ulioanza Desemba 5, 2016 ulidumu siku 100. Ule wa mwaka wa 2024, uliochochewa na malipo ya madaktari wanagenzi, ulichukua siku 56. Na tangu huduma za afya zikabidhiwe kaunti mwaka wa 2013, malalamiko ya mishahara kuchelewa hayajaisha.

Lakini mwongeze daktari mshahara, kisha mpeleke mahali asipo na nyumba, mkewe hana kazi, shule ya watoto iko mbali, na kila usiku simu inayolia ni yake kwa kuwa hana mwenzake wa zamu. Baada ya miaka miwili ataomba uhamisho, nawe ungekuwa yeye ungeomba. Wengine hushushwa moyo na jambo dogo zaidi: wanahitimu udaktari wa familia, kisha mwajiri hajui awaweke wapi, anawakalisha ofisini kusimamia hospitali.

Mwaka wa 2018 serikali ilijaribu njia nyingine. Mnamo Juni walitua madaktari 100 kutoka Cuba, karibu nusu yao wakiwa madaktari wa familia, wakagawanywa katika kaunti. Wakenya 50 nao walipelekwa Cuba kusomea fani hiyo. Mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini mgeni ana siku zake. Oktoba 2023 serikali ilitangaza kwamba mkataba wa Wacuba hautaendelezwa.

Wajapani walianza mapema. Mwaka wa 1972 walifungua Chuo cha Udaktari cha Jichi. Kila mkoa huchagua vijana wake, hugharimia karo, nao hurudi kuutumikia mkoa huo kwa miaka tisa. Wengi sana hutimiza ahadi hiyo. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka wa 2010 na 2021, linashauri vivyo hivyo: chukua mwanafunzi kutoka mashambani, mfundishie mashambani, kisha mpe nyumba na njia ya kupanda cheo.

Kwa hivyo, wewe mwanafunzi wa kidato cha nne unayesoma ukurasa huu, hasa ikiwa kwenu ni huko kwenye majani chai, kazi hii inakuhusu. Wazee wengi wa Chepseon huyaeleza maumivu yao kwa Kikipsigis. Anapotumwa daktari asiyekijua, muuguzi hugeuka mkalimani. Katika kutafsiri, nyanya aliyesema kwamba ugali unamkwama huandikiwa dawa ya tumbo, akarudi nyumbani nayo.