Risiti Yako Haitoshi: Daftari Zima la Kodi ya Ardhi Lisomwe na Umma

Mwenye shamba anapolipa kodi ya ardhi hupewa risiti yenye jina lake, nambari ya kipande chake na kiasi alicholipa. Wengi huikunja wakaiweka pamoja na hati miliki, wakaona shughuli imekwisha. Lakini risiti hiyo haiwezi kujibu swali zito kuliko yote: je, kiasi hiki ni cha haki? Haki ya kodi haionekani katika mstari mmoja. Huonekana pale mstari wako unapowekwa kando ya ule wa jirani, na wa jirani ukawekwa kando ya ule wa kampuni inayomiliki mlima mzima. Kwa hiyo daftari la kodi ya ardhi halina budi kuwa wazi lote, na wananchi wa kawaida, hasa wa mashambani, hawana budi kufundishwa kulisoma. Wapo watu waliokwisha kulifanya jambo hili, na yaliyowatokea yana funzo kwetu.

Watu hao ni wakazi wa milima ya Appalachia, mashariki mwa Marekani. Aprili 1977 mto Tug Fork, unaotenganisha Kentucky na West Virginia, ulifurika na kuharibu makazi ya maelfu ya watu. Ilipotafutwa ardhi ya kuwaweka waathiriwa, haikupatikana kwa urahisi, kwani sehemu kubwa ilikuwa mikononi mwa kampuni za makaa ya mawe na za ardhi. Hapo watu wakaanza kuuliza kwa sauti: milima hii ni ya nani, na wenyewe wanalipa nini? Wanaharakati, wasomi na wakazi waliungana na kwenda kuchimbua majibu katika ofisi za kaunti. Walipitia madaftari ya kodi ya kaunti 80 katika majimbo sita, wakachunguza karibu ekari milioni 20. Ripoti yao ilitoka mwaka 1981. Kazi hiyo haikuhitaji siri yoyote ivujishwe, maana madaftari yalikuwa wazi tangu zamani. Kilichokosekana ni watu wa kuyasoma kwa pamoja na kuyalinganisha.

Kusoma daftari la namna hiyo si elimu ya wachache. Kwanza hutazamwa jina la mwenye mali na anwani inakopelekwa bili. Bili ikienda mji wa mbali, msomaji amekwisha kujua kwamba mwenye ardhi haishi hapo. Kisha hutazamwa ukubwa, halafu thamani, na hapa ndipo wengi hupotea, kwa sababu thamani ya sokoni si lazima iwe ndiyo inayotozwa kodi. West Virginia, kwa mfano, hutoza asilimia 60 tu ya thamani ya sokoni, kwa hiyo nyumba ya dola 100,000 huhesabiwa kama ya dola 60,000. Baada ya hapo huondolewa misamaha ambayo mwenye mali anastahili, na kinachobaki huzidishwa kwa kiwango cha kodi cha mwaka huo. Huko Appalachia kulikuwa na jambo moja zaidi la kuangalia: madini yaliyo chini ya shamba yanaweza kuwa na mwenyewe tofauti na mwenye shamba, na yakawa na mstari wake wa kodi. Mkulima alilipia udongo wa juu, kampuni ikalipia, au ikatakiwa kulipia, makaa ya chini.

Mistari hiyo ilipowekwa pamoja, picha ilijitokeza. Karibu robo tatu ya ardhi iliyochunguzwa, na takriban asilimia 80 ya haki za madini, zilikuwa za watu na kampuni zisizo za hapo. Zaidi ya robo tatu ya wenye madini walikuwa wakilipa chini ya senti 25 kwa ekari. Katika kaunti 12 za mashariki mwa Kentucky, zikiwemo zilizoongoza kwa uzalishaji wa makaa, wastani wa kodi kwa kila tani ya akiba inayojulikana ulikuwa dola 0.0002. Mkazi wa kaunti hizo angeweza kutunza risiti zake kwa miaka hamsini asiijue habari hii. Alipoijua, hakukaa kimya. Mwaka 1981 wananchi wa Kentucky waliunda umoja wa kudai kodi ya haki, na mwaka 1988 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ikabatilisha kiwango kidogo mno ambacho bunge lilikuwa limeyawekea makaa yasiyochimbwa.

Kuna watakaosema kwamba kodi ndogo ndiyo iliyoleta kampuni na ajira, na kwamba kufukunyua madaftari ni kuwafukuza wawekezaji. Hoja hii ingekuwa na nguvu kwa kiwanda kinachoweza kuhamishwa. Makaa ya mawe hayahami. Atakayeyataka atayafuata yalipo. Isitoshe, kodi ya ardhi huko ndiyo mhimili wa bajeti za shule na huduma za kaunti. Ukiona vyaelea, vimeundwa: darasa, barabara na zahanati havikujijenga, na mwenye mali kubwa akilipa pungufu, ama fundi seremala na mjane mwenye nyumba ndogo watalipa zaidi, ama watoto watakosa walimu. Mwenye kutetea nafuu ya mwekezaji aitetee hadharani, huku kila mmoja akiona ni kiasi gani na analipiwa na nani.

Wengine wataliona daftari lililo wazi kuwa silaha ya maskini wenye wivu dhidi ya matajiri. Kesi iliyotoka Webster, kaunti ya mashambani huko West Virginia, inaonyesha vingine. Mthamini wa kaunti hiyo alikuwa akiipandisha thamani ya ardhi iliyouzwa karibuni hadi bei iliyonunuliwa, huku ardhi ambayo haijauzwa akiiongeza kidogo tu. Matokeo yake, mali za kampuni zilizonunua ardhi ya makaa zilithaminiwa mara 8 hadi 35 zaidi ya mali za jirani zinazofanana nazo. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kauli moja kwamba hilo lilivunja haki ya usawa mbele ya sheria, na ikaeleza kuwa kwa mwendo ule ingechukua zaidi ya miaka 500 thamani hizo kulingana. Safari hii aliyeonewa alikuwa kampuni ya makaa, na ushahidi wake ulikuwa uleule: mstari wake na mistari ya jirani. Daftari lililo wazi humlinda yeyote anayetozwa kupita wenzake, awe na ekari moja au elfu kumi.

Pingamizi la faragha ni zito zaidi. Si kila mtu anapenda jina lake na thamani ya nyumba yake vionwe na kijiji kizima, na wapo ambao usalama wao unadai anwani zao zifichwe. Hao wana haki ya kulindwa, na sheria inaweza kuwawekea utaratibu. Nambari za simu na vitambulisho pia havina kazi katika daftari la umma. Lakini thamani iliyowekwa, msamaha uliotolewa na kiasi kilicholipwa si siri ya nyumbani. Ni mgawanyo wa mzigo wa pamoja, na anayebebeshwa mzigo ana haki ya kujua wenzake wamebeba kiasi gani.

Mambo haya yanatuhusu moja kwa moja. Kifungu cha 209 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kimezipa kaunti mamlaka ya kutoza kodi ya ardhi na majengo, na kifungu cha 35 kimempa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya kitaifa ya kodi hiyo ya mwaka 2024 imechukua nafasi ya sheria kuukuu zilizorithiwa tangu ukoloni. Hata hivyo, sheria haijazi madaftari yenyewe. Jiji la Nairobi lilitumia daftari la uthamini la mwaka 1982 kwa takriban miongo minne, na ikiwa mji mkuu ulikaa hivyo, kaunti za mashambani zina kila sababu ya kujikagua. Mwananchi naye huchanganya malipo mawili: kodi ya pango la ardhi ya serikali kuu, inayolipwa na mwenye ardhi ya mkataba wa muda, na kodi ya kaunti inayotokana na thamani au ukubwa wa kipande. Asiyejua tofauti hii hawezi kujua aulize ofisi gani.

Najua hofu iliyopo vijijini: daftari likishakamilika, kodi itamfuata mwenye robo ekari ya mahindi. Hofu hiyo ina msingi, na jibu lake ni kuandika msamaha wa shamba dogo la chakula ndani ya sheria ya kaunti, uonekane na usiwe hisani ya afisa. Kuliacha daftari gizani hakumwokoi maskini. Kaunti isiyojua ardhi yake ni ya nani hurudi kwa mchuuzi wa sokoni na mwendesha bodaboda, ambao hawawezi kujificha, huku shamba kubwa la mwenye ardhi asiyeishi hapo likipita bila kuguswa. Basi mabunge ya kaunti yadai mambo matatu: daftari la uthamini lichapishwe na kubandikwa hadi ofisi za wadi, kila msamaha uandikwe pamoja na sababu yake, na muda wa kupinga uthamini utangazwe kwa Kiswahili na lugha za wenyeji. Nasi wananchi tufanye sehemu yetu: vyama vya wakulima, makanisa, misikiti na walimu waunde vikundi vya kulisoma daftari hilo mstari kwa mstari, kabla ya bajeti kupitishwa na si baada yake.