Ukiumia Nyonga Shambani

Kazi ya shamba ina hatari zake. Mtu huanguka kutoka mtini, hupinduka na trekta, au huteleza katika matope ya zizi. Nyonga ikiumia, mkulima hawezi kusimama wala kufanya kazi. Yafaa kila nyumba ijue la kufanya.

Nyonga huumia hasa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuvunjika kwa mfupa wa paja karibu na kiungo. Huwapata sana wazee, na kuteleza kidogo kwatosha. Mguu huonekana mfupi, na unyayo hugeukia nje. Ya pili ni kuteguka, yaani kichwa cha mfupa kutoka mahali pake. Mara nyingi goti hukunjika na mguu hugeukia ndani.

Usimsimamishe mgonjwa, usiuvute mguu, wala usimwite mkandaji. Mlaze juu ya ubao au mlango, utegemeze mguu kwa blanketi vile vile ulivyo, umpeleke hospitali upesi. Usimpe chakula, kwani huenda akatiwa dawa ya usingizi.

Huko atapigwa picha ya eksirei. Nyonga iliyoteguka yafaa irudishwe kabla ya saa 6 kupita. Ikicheleweshwa, kichwa cha mfupa chaweza kufa kwa kukosa damu. Mfupa uliovunjika hufungwa kwa vyuma, au hutiwa kiungo bandia.

Mzee aliyevunjika nyonga asiachwe kitandani nyumbani. Akilala miezi mingi hupata vidonda na ugonjwa wa mapafu, na wengi hufa. Akitibiwa mapema, huweza kutembea tena kwa magongo.