KUTUMIKA KATI YA VIJANA: MAPENDO PASIPO SHARTI NI NINI?



Kila mara likizo kubwa ikikaribia, wengi wanatuuliza sisi viongozi wa wanafunzi: "Ile safari ya Kipushi, munaendaka kufanya nini?" Wengine wanafikiri ni kutembea tu. Wengine wanafikiri tunaenda kuonyesha watoto wa kule kama sisi tumesoma. Hata sisi wenyewe tulifikiri hivyo mara ya kwanza. Kwa hiyo tumeona vema kueleza hapa, wazi wazi, safari ya kutumika ni kitu gani na ilitufundisha nini.

1. Mambo haya si mapya

Mwaka 1920, kisha vita kubwa ya kwanza, Mswisi mmoja jina lake Pierre Cérésole alikusanya kikundi kidogo cha watu wa mataifa mbalimbali. Wakaenda Esnes, kijiji cha Ufaransa karibu na Verdun, ambacho vita ilikuwa imekibomoa. Kati yao walikuwamo Wajerumani, watu wa taifa lililokuwa adui juzi tu. Walitumika pasipo mshahara. Kisha miezi michache walipaswa kuondoka, juu chuki kwa Wajerumani ilikuwa bado na nguvu. Kazi ile haikupata asante nyingi, lakini njo mwanzo wa ushirika wa Service Civil International, unaotuma watu kutumika katika inchi nyingi mpaka leo.

Hapa kwetu Katanga tuko na mfano wa karibu zaidi. Dan Crawford alitoka kwao Scotland mwaka 1889, akiwa na miaka 18, umri wa wengi wetu wa mwaka wa mwisho. Mwaka 1890 alifika Bunkeya kwa mfalme Msiri. Msiri akauawa tarehe 20 Desemba 1891, mji ukatawanyika. Crawford hakufunga mizigo. Alibaki na watu, na watu wakamwita Konga Vantu, maana yake Mkusanya-watu. Hakurudi Ulaya hata mara moja mpaka mwaka 1911, na alikufa Luanza, kando ya ziwa Moero, mwaka 1926. Yeye alikaa zaidi ya miaka 20 pasipo kuona kwao. Sisi tulienda siku 10.

2. Tulifanya nini Kipushi

Kipushi iko karibu kilometa 30 toka Lubumbashi, mpakani na Zambia. Mgodi wake ulifunguliwa mwaka 1924, ukasimama mwaka 1993, na ni mwaka 2024 tu zinki ilipoanza kutoka tena. Katika miaka ile ya katikati jamaa nyingi ziliishi kwa kuchimba na kusukula mawe, watoto pia. Iko sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inayolinda mtoto, na tangu mwaka 2019 masomo ya msingi ya Serikali ni bure. Lakini sheria hainunui kaye, wala haijazi sufuria.

Tulikuwa 14, pamoja na mwalimu mmoja. Asubuhi tulifundisha kusoma na hesabu, mchana bukari, jioni nyimbo na mupira. Tulileta kaye 60 zilizonunuliwa na michango yenu.

Siku ya tatu, sisi viongozi tukakata shauri: kaye itapewa yule atakayesoma aya ubaoni pasipo kukosa. Tuliona ni akili, kusudi watoto wapate bidii. Wakapanga mustari. Kijana mmoja wa miaka kama 12, aliyekuja kila siku akitoka mtoni na matope miguuni, akaacha mustari na kwenda zake. Tukamfuata. Akatuambia, pasipo hasira:

"Shi mulisema Mungu anapendaka batoto bote? Sasa juu ya nini kaye ni ya bale banayua kusoma tu? Miye nilikuya juu siyue."

Hatukuwa na jibu. Kesho yake tukagawa kaye zote zilizobaki pasipo kuuliza mtu kitu. Yeye hakuja. Siku ya pili pia hakuja. Njo tukaenda kumtafuta kwao.

Mama yake alikuwa anapika. Hakutuuliza sisi ni nani, wala tunatoka wapi, wala tumefanya nini mtoto wake. Alisema tu: "Karibuni, mukaye, mukule." Bukari na sombe, katika sahani moja, na tuliona wazi kwamba chakula kile kilipimwa kwa watu wa nyumba. Tulikula kwa haya. Sisi tulimnyima mtoto kaye sababu hakujua kusoma; mama yake alitulisha pasipo kujua jina letu. Siku ile tulielewa nani alikuwa mwalimu.

3. Basi mapendo pasipo sharti ni nini?

Kwanza, si zawadi ya washindi. Zawadi ni nzuri katika mashindano. Lakini kitu ambacho mtu anakihitaji ili aanze, hakiwezi kuwa zawadi ya yule aliyekwisha kufika. Baba wa mwana mpotevu alipiga mbio kumpokea mwanawe mbele hajasikia maneno yake ya toba.

Pili, si kukosa kanuni. Katika mupira, aliyepiga mwenzake teke alitoka inje, hata akiwa mdogo. Lakini kesho yake alirudi kucheza, na hakuna aliyemkumbusha.

Tatu, mapendo hayo yanarudi. Siku ya kuaga yule kijana alipokea kaye yake. Hakusema asante. Aliuliza: "Mutarudia siku gani?" Wengi katika darasa letu wanajiuliza kisha egzamini ya Serikali watakuwa nani, na maisha yao yana shabaha gani. Kipushi haikutupa jibu lote. Ilitupa swali lingine, na tunaona ni bora kuliko la kwanza: nani anatungojea?

4. Kwa wale wanaotaka kwenda

Wengine wanasema: hata hapa Kampemba, kuna watoto wanaouzisha maji barabarani saa ya masomo, kwa nini kwenda mbali? Swali hilo ni la haki. Tunaomba wale wanaouliza waanze hapa Jumamosi hii, na sisi tutawasaidia.

Wanaotaka Kipushi wajue haya: hatupigi watoto picha pasipo ruhusa ya wazazi, kaye ni ya kila mtoto, na anayejiandikisha anakubali kurudi Jumamosi moja kila mwezi, mwaka wote. Tuungame hapa: tangu likizo tumerudi mara nne, na mara mbili hatukwenda, sababu franka za taksibusi zilikosa na hatukutafuta kwa bidii. Tulisikia kisha kwamba watoto walingoja mulangoni mpaka saa sita.

Sisi wa mwaka wa mwisho tunaondoka. Yule kijana sasa anasoma sentensi fupi, kidole chini ya kila neno. Atauliza tena lile swali lake, na safari hii si sisi tutakaojibu. Majina yapelekwe kwa kiongozi wa kila darasa mbele ya mwisho wa mwezi. Asiyeweza kurudi, heri asiende.

Ni sisi,
viongozi wa wanafunzi, mwaka wa mwisho