Herufi Zisizo na Ncha

Ukiitazama hati ya chapa iitwayo VAG Rounded utadhani imeandikwa kwa kidole juu ya mchanga wa pwani. Haina pembe kali wala vikia. Mistari yake ina unene mmoja, na kila mwisho umeduara. Lakini kilichoizaa ni biashara ya magari. Volkswagen ya Ujerumani ilipokusanya maduka yake na ya Audi chini ya jina la V.A.G., ilikuta huku hutumiwa hati ya Futura na kule ya Times. Mwingereza Gerry Barney na wenziwe wa Sedley Place wakatakiwa watoe hati moja ya wote. Ikatoka mwaka 1979.

Futura yenyewe, kazi ya Mjerumani Paul Renner ya mwaka 1927, ilikuwa imekwisha kujengwa kwa duara na mstari. Hawa wakazidi kuipiga msasa. Na ilikuwa busara: herufi ikikuzwa ubaoni au ikipigwa chapa kwa wino mwingi, pembe kali huliwa, iliyokwisha kuduara haina cha kupoteza.

Waliopitia chuoni wakashika kalamu ya mwanzi hawatastaajabia herufi za kupimwa. Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyefariki mwaka 940 (ndiye yule aliyekatwa mkono wa kulia kwa fitina za siasa), ndiye anayenasibishwa na kanuni ya kuzipima herufi kwa nukta ya kalamu, urefu wa alifu ukawa kipenyo cha duara. Hata hivyo duara lilikuwa mizani tu, halikuwa kalibu. Kalamu ilibaki na ruhusa ya kunenepa na kukonda.

Mafundi wa chapa nao walijua siri hiyo. Herufi o ikifanywa kimo kimoja na x, jicho huiona fupi. Basi huachwa ipite mstari kidogo, juu na chini. Bikari husema sawa, jicho likakataa, na jicho ndilo hufuatwa.

Apple iliipenda VAG Rounded ikaitia kwenye vitufe vya kompyuta zake kwa miaka mingi, mpaka ilipoanza mwaka 2015 kuingiza hati yake, San Francisco. Hapo ilikaa pahala pake, herufi moja moja chini ya kidole. Kadhalika kwenye ubao wa duka la nguo za watoto, au paketi ya biskuti.

Kurasa mia za kitabu ni jambo jingine. Katika Futura, a ni duara lenye fimbo ubavuni, dada yake o. Msomaji aliyechoka husoma "pona" palipoandikwa "pana". I kubwa na l ndogo ni fimbo mbili, na katika hati nyengine hata 1 ni fimbo. Mama anayempimia mwanawe dawa usiku kwa taa hafifu, akisoma "1 ml" kwenye chupa, anastahili herufi zinazojitenga.

Siku hizi kila mwenye kompyuta ni mpiga chapa, na herufi za mviringo zimeenea mpaka kwenye matangazo ya tanzia. Jina la marehemu huonekana kana kwamba linauza peremende.